Gari la Marehemu na Kishikio Kilichokatika

Jumamosi moja asubuhi, kabla sijamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai, nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa ni mama jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Buruburu, na nyuma yake alisimama kijana wake wa mwisho akitazama viatu vyake kama mtu aliyepelekwa kwa chifu. Mama alikuwa ameshika kipande cheusi cha plastiki, urefu wa shubiri moja hivi, kimekatika mahali pawili.

"Mwalimu," akaniambia hata kabla ya kuketi, "nieleze ukweli. Hiki kitashikana tena ama nikitupe?"

Wanaofuata ukurasa huu wanajua kwamba nilifundisha ufundi wa karakana kwa miaka mingi, kisha nikastaafu, na kwamba majirani zangu hawajakubali kuwa nimestaafu. Huniletea pasi, redio, miguu ya viti, na siku moja nililetewa meno ya bandia. Lakini kipande hiki hakikuwa jambo la kuchekea. Kilikuwa ni kishikio cha kuvutia mlango wa dereva katika Mercedes-Benz la marehemu mumewe.

Gari lenyewe ni la lile umbo ambalo wapenzi wa magari hulitaja kwa nambari yake ya kiwandani, W124. Lilianza kutolewa Ujerumani mwishoni mwa 1984, na lile la milango minne likaendelea hadi katikati ya miaka ya tisini. Yaliundwa zaidi ya milioni mbili na nusu, na yale yaliyofika Nairobi yalitosha kuwafanya watu wanyamaze kidogo kabla ya kumsalimu aliyeshuka ndani yake. Marehemu hakuwa miongoni mwa wale wakubwa tuliowaita Wabenzi. Alikuwa karani wa hesabu, akalinunua likiwa limekwisha kutumiwa na mwenyewe wa kwanza, na kila Jumapili baada ya ibada alilisugua kwa mikono yake miwili huku sisi wengine tukisoma gazeti.

Tangu azikwe, gari lilikaa nje ya nyumba, upande ule ambao jua la alasiri hupiga bila huruma. Injini nzima. Viti vizima. Hata ule ubao wenye mistari kama ngozi ya punda milia uliopambwa katikati, ambao hupatikana kwa mti wa misitu ya Gabon na Kamerun, bado ulikuwa unang'aa ingawa varnishi yake imeanza kupasuka. Lakini karibu kila kilichoundwa kwa plastiki ndani ya gari lile kilikuwa kimechoka. Kishikio ndicho hicho. Kifuniko cha kisanduku kilicho mbele ya abiria kilining'inia kwa upande mmoja. Kichujio cha spika kwenye dashibodi, ukikigusa kwa kidole, kinavunjika kama chapati kavu. Matundu ya hewa ya katikati hayageuki. Kifuniko cha reli ya kiti kimepasuka kwa sababu kila anayeingia hukikanyaga.

Na sasa kuna karo. Kijana amepata nafasi chuoni, na mama, baada ya kulala nayo na kuamka nayo kwa miezi miwili, akakubali kuliuza. Akaletewa dalali. Dalali yule, msomaji wangu, hakufungua hata boneti. Aliingia ndani, akaketi, akaanza kugusagusa na kuhesabu kwa kidole. Kishikio, toa elfu kumi. Kifuniko, toa elfu kumi. Spika, toa elfu tano. Alipomaliza kuhesabu, bei ilikuwa imeteremka hata mama akahisi kwamba yeye ndiye anayedaiwa.

Jioni ile kijana, akitaka kuokoa jahazi, alikwenda dukani akanunua supaglu, ile gundi ya matone inayoshika vidole haraka kuliko inavyoshika kitu, akakigundisha kishikio. Kesho yake mama akafungua mlango. Kishikio kikamkatikia mkononi, pale pale palipokuwa pamekatika na mahali pengine papya.

"Na nilitia gundi nyingi, Mwalimu," kijana akajitetea.

Hapo ndipo tulipoanzia somo letu. Watu wengi, kitu cha plastiki kikivunjika, huuliza ni gundi gani kali zaidi. Swali hilo huja mapema mno. La kwanza ni kuuliza, hii ni plastiki gani? Maana neno plastiki ni kama neno mti. Mvule ni mti, mpapai ni mti, na hakuna seremala anayevipigilia misumari kwa namna moja.

Lakini kwanza nieleze kwa nini kitu kilichodumu miaka thelathini na mitano kinakatika ghafla mkononi mwa mama mtu mzima asiye na nguvu za kuvunja hata muwa. Sehemu nyingi ngumu za ndani ya magari ya wakati ule ziliundwa kwa plastiki iitwayo ABS. Herufi hizo tatu ni vifupisho vya vitu vitatu vilivyochanganywa, na kile cha katikati, butadini, ni aina ya mpira. Mpira huo ndio unaoifanya ABS ipinde kidogo badala ya kuvunjika. Sasa, jua na joto na hewa vikishirikiana kwa miaka mingi, huushambulia ule mpira kwanza. Kipande kinabaki na umbo lake na rangi yake, lakini ile roho ya kupinda imekwisha toka. Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta na tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu ni kali kwa plastiki hata siku ambayo wewe unavaa sweta. Gari likifungwa madirisha juani, sehemu ya juu ya dashibodi huweza kupita nyuzi 70 za joto. Basi msimlaumu fundi wa Ujerumani. Kishikio kilifanya kazi yake. Jua lilifanya yake pia.

Turudi kwa swali la aina ya plastiki. Nilimwambia kijana ageuze kile kipande, asome nyuma. Akakigeuza, akafuta vumbi, na mahali ambapo abiria hawezi kuona kamwe palikuwa na herufi ndogo zilizozungukwa na vimishale viwili: ABS. Viwanda vilianza desturi hii ya kuandika majina ya plastiki nyuma ya vipande ili iwe rahisi kuzitenganisha gari likivunjwavunjwa, na kwa mtengenezaji wa nyumbani ni kama kupewa majibu kabla ya mtihani. Ukikuta PP, hiyo ni polipropilini. PA ni nailoni. PC ni polikaboneti. Ukikuta herufi GF na nambari kando yake, basi ndani ya plastiki hiyo mmechanganywa nyuzi za kioo za kuiimarisha, na unapoipiga msasa jifunge kitambaa puani.

Kama hakuna maandishi, chukua kipande kidogo kilichovunjika, ukubwa wa punje ya mchele, ukitie ndani ya bilauri ya maji yenye tone la sabuni. Sabuni ni ya kuzuia kipande kisielee kwa sababu tu ngozi ya maji imekishika. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, itaelea. ABS, nailoni na polikaboneti zitazama. Iliyozama, iguse mahali pa siri kwa kijiti cha pamba kilicholowa asetoni. Ikiwa ni ABS, baada ya nusu dakika hivi itaanza kunata kama peremende iliyolambwa. Nailoni haitajali. Polikaboneti inaweza kupasuka nyufa, kwa hiyo kamwe usiijaribu asetoni kwenye kioo kile cha plastiki kinachofunika saa za mwendo na mafuta, maana utakiharibu machoni pa kila mtu.

Kuhusu asetoni, neno moja. Ile ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi imechanganywa maji na mafuta, na nyingine haina asetoni hata kidogo. Nunua iliyo safi kwa wauzaji wa kemikali au wa rangi za magari. Mvuke wake hushika moto kwa umbali, kwa hiyo kazi hii ni ya nje, mbali na jiko la mkaa, mbali na mvuta sigara. Mke wangu alinikumbusha hayo kwa sauti kubwa, nami nikahamisha meza hadi chini ya mwembe.

Sasa tuangalie lile kosa la supaglu. Gundi hiyo si mbaya. Iligunduliwa Marekani mnamo 1942 na watu wa kampuni ya Eastman Kodak, na hushika vizuri vitu vinavyokutana sawasawa na visivyopindwa. Lakini ikikauka huwa ngumu na dhaifu kwa kishindo, kama kioo. Kishikio cha mlango huvutwa, hupindwa na hugongwa mara mia kwa juma. Tena kijana alikuwa ameipaka juu ya plastiki iliyofutwa kwa yale mafuta ya kung'arishia dashibodi. Mafuta hayo yana silikoni, na juu ya silikoni hakuna gundi wala rangi inayokaa. Hata ungemwaga chupa nzima.

Basi tulianza kwa kuosha. Maji ya uvuguvugu na sabuni, mswaki wa zamani, kisha spiriti ile ya hospitali kwa kitambaa safi, mara mbili. Ile supaglu ya jana tuliikwangua yote kwa wembe hadi tukaiona plastiki yenyewe. Hii kazi ya kukwangua inachosha na haina sifa, na ndiyo watu wengi wanayoiruka.

Kisha tukatengeneza uji wa plastiki. Huu ndio moyo wa somo la leo. Kwa kuwa asetoni huyeyusha ABS, unaweza kuiunganisha ABS kwa ABS yenyewe. Chukua vipande vya ABS visivyo na kazi, uvikatekate vidogo, uvitie ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati, umwagie asetoni ivifunike tu, ufunge, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta uji mzito. Usitumie kikombe cha plastiki nyembamba, maana utapata uji wa kikombe. Vipande vya kuyeyusha vinaweza kutoka kwa kifuniko chochote kilichoandikwa ABS. Hata vile vitofali vya kuchezea vya Lego vimekuwa vikiundwa kwa ABS tangu 1963, na mjukuu wangu alitoa vyeusi vinne baada ya majadiliano marefu na biskuti mbili.

Jumapili baada ya ibada tukaendelea. Mwisho wa kila ufa tulitoboa kitundu cha milimita mbili. Ufa hupenda kusafiri, na safari yake huanzia kwenye ile ncha kali. Ukiifanya ncha kuwa duara, nguvu haina mahali pa kuchoma. Kingo za mahali palipokatika tukazipaka asetoni kwa brashi hadi zikanata, tukazikutanisha, tukazifunga kwa utepe uliokatwa kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Hakuna kibano kizuri kuliko tyubu ya baiskeli. Inafuata umbo lolote na haiachi alama.

Tulipofungua, tukachimba mfereji mdogo wa umbo la V kufuata ule mstari wa muungano, tukaujaza uji kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likikauka kabla ya lingine. Ukijaza kwa pupa, juu patakauka na ndani patabaki laini kwa siku nyingi. Upande wa nyuma, usioonekana, tuliweka wavu wa chuma. Wavu huo ulikuwa wa chujio la chai lililovunjika mkono. Kijana aliulaza juu ya plastiki na kuukandamiza kwa kile chuma cha umeme cha kulehemia nyaya cha mafundi wa redio, taratibu, hadi ukazama. Moshi wake si mzuri kwa mapafu. Kaa upande upepo unakotoka.

Halafu kulikuwa na nguzo za skrubu. Kishikio hiki hushikwa na skrubu zinazoingia ndani ya vijiguzo vya plastiki, na kimoja kilikuwa kimevunjika hadi kwenye kitako. Hapa asetoni haikutosha. Tulikata kipande cha mwili wa biro kilichoingia juu ya mabaki ya kijiguzo kama soksi, tukakwangua kwa msasa, tukajaza Araldite ile ya tyubu mbili, na katikati tukasimamisha skrubu yenyewe iliyopakwa vaselini. Ile inayokauka kwa dakika tano tuliiacha dukani. Ile ya polepole, ya kungoja siku nzima, ndiyo yenye nguvu. Kesho yake skrubu ikatoka kwa kuzungushwa, ikaacha nyuma njia zake safi. Kijana alikenua meno kwa mara ya kwanza tangu aletwe kwangu.

Kifuniko cha kisanduku tulikitengeneza kwa njia hiyo hiyo, sina haja ya kurudia. Kichujio cha spika sikukigusa. Plastiki ikifika hali ya kumomonyoka mkononi, kuigundisha ni kumpaka maiti poda. Tulikwenda Kirinyaga Road, kule kwenye vipuri vya magari, tukapata kingine kilichotoka katika gari lililokaa kivulini.

Kifuniko cha reli ya kiti ndicho kilichotuvunja moyo kwanza. Hakikuwa na maandishi. Tukatia punje yake ndani ya maji, ikaelea. Polipropilini hiyo, na ndugu yangu, polipropilini haipendi gundi ya mtu yeyote. Asetoni huteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Araldite hukauka vizuri, halafu inabanduka nzima kama ganda la yai. Nilimwambia kijana, "Twende Gikomba, nikuonyeshe profesa wa plastiki hii." Nikampeleka kwa mzee mmoja anayeketi na jiko la mkaa akiziba beseni na mitungi ya maji kwa kisu cha moto. Nyote mmewaona wazee hawa. Beseni nyingi ni za jamii hiyo hiyo ya plastiki zinazoelea, na dawa yake ni joto: kuyeyusha kingo zote mbili pamoja na ufito wa plastiki ya aina ile ile, zichanganyike zikiwa laini. Mzee alikiangalia kipande cha Mercedes-Benz, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akachagua kipande cha ndoo kuukuu, na kwa muda wa kuvuta sigara moja akawa amemaliza. Kovu lilionekana, lakini liko chini ya kiti. Alitutoza bei ya beseni.

Matundu ya hewa yalitushinda. Vijiti vyake vya kugeuzia ni vyembamba kama njiti ya kiberiti, na kila nilipokitengeneza kimoja nilivunja jirani yake. Siku hizi kuna watu jijini wenye mashine za kuchapa vitu vya plastiki kutoka kwa kompyuta, na wanafunzi wa uhandisi wanaosoma ukurasa huu wanaweza kujaribu. Niwaonye tu kwamba plastiki ya kawaida ya mashine hizo, iitwayo PLA, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Katika gari lililoegeshwa juani itainama kama mshumaa. Ombeni wachapishe kwa ABS.

Kabla sijasahau, ushauri kwa mtakaofungua milango na dashibodi zenu wenyewe. Msifanye asubuhi ya baridi. Vile vibanio vya plastiki vilivyofichwa nyuma ya kitambaa cha mlango hupinda vikiwa na joto na hukatika vikiwa na baridi, kwa hiyo ngojeni adhuhuri. Ondoeni waya wa hasi wa betri kwanza. Na mkiona herufi SRS katikati ya usukani, hapo ndani pana mfuko wa hewa unaofumuka kwa mlipuko. Sehemu hiyo si ya kuchokonoa kwa bisibisi.

Ilikuwa siku ya nne, tukirudisha vipande ndani ya gari, ndipo nilipoketi kwenye kiti cha abiria, nikavuta mkanda na kuufunga. Ulifunga. Lakini nilipobonyeza kile kitufe chekundu ili niufungue, kilikwama, kikasita, kisha kikaachia kwa shida. Nikainama nikatazama. Ganda la kile kifungo lilikuwa na ufa, na juu ya ufa palikuwa na mstari mweupe wa supaglu.

"Wewe?" nikamwuliza kijana.

Akanyamaza. Kisha akasema kwamba dalali angelitoa elfu nyingine tano kwa ufa ule, na kwamba rangi nyeusi kidogo juu yake ingeuficha kabisa.

Sikumgombeza. Nilimwambia akae pale, afunge mkanda, afumbe macho, ajifanye gari limepinduka na kuna moshi. Kisha ajifungue. Alibonyeza mara tatu. Alipofungua macho hakuwa na neno la kusema, nami sikuwa na la kuongeza.

Msomaji, katika gari kuna plastiki ya urembo, plastiki ya manufaa, na plastiki inayobeba uhai wa mtu. Mbili za kwanza chezeni nazo mpendavyo. Ya tatu haigundishwi, haichomelewi, haipakwi rangi. Mkanda na kifungo chake, nanga za kiti cha mtoto, kifuniko cha mfuko wa hewa, chochote kilicho karibu na breki au usukani: hivyo hubadilishwa, na kama hakuna pesa ya kubadilisha, hubaki vimevunjika waziwazi, ili kila anayeingia aone na ajue.

Tulimwendea mama tukamweleza. Nilidhani angekasirika kwa ajili ya zile elfu tano. Aliketi juu ya kigoda akafikiri, kisha akamwambia mwanawe alete kalamu na karatasi. Akamfanya aandike kila kitu: kishikio kimeunganishwa, kifuniko cha kisanduku kimeunganishwa, kifuniko cha reli kimezibwa Gikomba, kichujio cha spika ni cha mtumba, matundu ya hewa hayageuki, kifungo cha mkanda wa abiria ni kibovu na lazima kibadilishwe kabla ya mtu kuketi hapo. Karatasi hiyo akaiweka ndani ya kile kisanduku.

"Baba yenu aliliendesha miaka yote bila kumdanganya mtu," akasema. "Mimi sitaanza leo."

Nilifikiri moyoni kwamba mama huyu atauza gari lile kwa bei ya baiskeli. Dalali alirudi, akasoma karatasi, akacheka, akashusha bei tena. Mama akamkaribisha chai na kumwambia safari njema.

Juma la tatu akaja mtu mwingine, mzee wa makamo, aliyekuwa dereva kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Yeye alifungua boneti. Alisikiliza injini kwa muda mrefu kama daktari. Kisha akaingia ndani, akasoma karatasi mara mbili, akakishika kishikio, akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga, akaufungua. Nilihesabu mara kumi na moja. Mimi na kijana tulikuwa tumesimama karibu na ua, na sijui kati yetu ni nani aliyekuwa na jasho zaidi.

"Hiki nani alikitengeneza?" mzee akauliza.

Kijana akanitazama. Nami nikautazama mwembe.

"Ni mimi," akasema. "Na Mwalimu."

Mzee akatoa bei ya kifungo cha mkanda, akasema atanunua kipya Jumatatu, na zaidi ya hapo hakupunguza kitu. Walipatana na mama pale pale barazani. Pesa hazikuwa zile ambazo marehemu angezitaka, lakini zililipa karo ya mwaka wa kwanza na kubakisha kidogo. Mama aliomba kitu kimoja tu, kile kitambaa cha manjano alichokuwa marehemu akilisugulia gari siku za Jumapili. Kilikuwa bado chini ya kiti.

Kabla ya kuondoka, mzee aliteremsha kioo akamwita kijana, akamwuliza kama ataweza kujaribu tena yale matundu ya hewa wakati wa likizo. Kijana akaandika nambari yake ya simu nyuma ya ile karatasi.

Jumapili ijayo nitajibu barua zenu kuhusu viti vya ngozi vilivyopasuka, na nitamjibu yule msomaji wa Kisauni anayetaka kujua kwa nini rangi ya dashibodi yake huchubuka kila baada ya miezi mitatu. Kwa sasa nitamdokezea tu: aache kuipaka yale mafuta ya kung'arisha.